Hadithi Niliyoiandika Mara Mbili

Kibanda changu cha kuchapa kiko Malindi mjini, karibu na ofisi ambako watu hupanga foleni kufuatilia mambo ya ardhi. Nina kompyuta moja, printa inayotafuna karatasi msimu wa mvua, pedi ya wino wa kupigia dole gumba na stuli mbili za wateja. Mchana nachapa mikataba ya mauziano ya mashamba, hati za kiapo na maombi ya mirathi. Jioni, tuktuk zikishapungua barabarani, nachapa hadithi za kutisha kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Hadithi zangu zote ni za mashambani. Ukoo wa baba ni Wagiriama wa Kakuyuni. Mama ni mtoto wa Shela, hii Shela ya Malindi, si ile ya Lamu. Kwa hiyo nimekunywa visima viwili. Kwa hawe, yaani mama mzaa baba, kulikuwa na mazimwi na kulikuwa na koma, roho za wazee waliotangulia, ambao wakisahauliwa huja ndotoni kudai tembo la mnazi na kitambaa. Kwa bibi wa Shela kulikuwa na majini ya pwani, chunusi anayemvuta mwogeleaji miguu, na Nunda mla watu. Tulisikiliza tumebanana mkekani, na aliyekaa pembeni kabisa, karibu na giza, alilipwa kipande cha muhogo.

Mwaka 2017 niliandika hadithi iliyonipa jina. Mwanamke mzee anaishi peke yake mwisho wa shamba, chini ya mbuyu. Watoto wa kijiji wanaanza kuugua mmoja mmoja. Usiku wanamwona akitembea mwili mzima umepakwa majivu, ndiyo maana vijana wakampa jina la Hawe Ivu. Mwisho wanaichoma nyumba yake, na asubuhi, kwenye majivu, hakuna mfupa hata mmoja. Kuna nyayo za fisi zinazotoka mlangoni kuelekea msituni. Nilijivunia sana zile nyayo. Redio moja ya hapa pwani iliisoma usiku wa kuamkia Ijumaa, ikawekewa mlio wa bundi na mlango unaolia, na kwa wiki nzima watu waliizungumza kwenye matatu na mangweni, kwa wanywa tembo. Kijana aliyeniletea chai kibandani alikataa kurudi kwao kwa miguu jioni ile. Nilimpa nauli nikiwa na furaha isiyo kifani.

Macho nilimpa mekundu. Sikuwaza mara mbili. Mchawi wa hadithi za kwetu ana macho mekundu, nywele nyeupe na nyumba ya peke yake. Nilichukua vitu hivyo vitatu kama mtu anavyochukua chumvi rafuni.

Hawe wangu mwenyewe alikuwa na macho mekundu. Jiko lake lilikuwa kibanda cha makuti kisicho na dirisha, mafiga matatu katikati, na kuni mara nyingi mbichi kwa sababu kavu huokotwa mbali. Alikuwa anainama kupuliza moto, moshi unamwingia wote usoni, anafuta machozi kwa ncha ya leso, anainama tena. Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa miaka sitini. Nilikuwa nimekaa naye jikoni humo utoto wangu wote, nikijua kabisa wekundu ule umetoka wapi, na nilipofika kwenye kompyuta nikauandika kama alama ya uchawi.

Baba alikuwa na shangazi aliyeishi upande wa Jilore, tunamwita Bibi. Alikuwa mkunga wa jadi. Vijana wengi wa pale ni yeye aliyewakata kitovu. Mume alikufa zamani, binti yake mmoja kaolewa mjini Muyeye, na yeye akabaki kwenye shamba la kaka zake, mzee wa mwisho wa kizazi kile. Mwaka uliofuata hadithi yangu, mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Hazikupita wiki tatu. Kwanza ilikuwa sauti njiani, kijana anapita na pikipiki anamwita jina asilolijua. Kisha watoto waliacha kuja kuchuma maembe yake. Kisha usiku mmoja wakaja vijana saba na tochi za simu, wakamwambia kukicha asionekane. Mmoja alitia moto pembe ya paa. Aliuzima mwenyewe kwa maji ya mtungi, akafunga leso mbili na sufuria moja, na kwenye alfajiri akatembea hadi barabarani.

Binti yake alinipigia simu. Nilimkuta Bibi amekaa mkekani Muyeye, miguu imenyooshwa, vumbi bado limemganda hadi magotini. Hakulia. Alinishika mkono akaniuliza swali moja.

"Mwanangu, wewe unajua mambo ya mjini. Hawe Ivu ni mtu wa wapi? Maana ndivyo walivyoniita."

Bibi hakuwa na redio. Sikumjibu. Nilisema nitauliza, nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa choo mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Usiku ule nilirudi kibandani nikafungua kompyuta. Nilikuwa na hisia ambayo sikutaka kuwa nayo. Nilitafuta kwa jina la kijiji, na faili ikatoka: mkataba wa mauziano, ekari sita, niliouchapa mwenyewe miezi minne nyuma kwa kijana mmoja wa ukoo wetu ambaye sikumtambua kwa sababu sisi ni wengi. Bei ilikuwa imeandikwa, mnunuzi ameandikwa, mashahidi wawili wameandikwa. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa dole gumba la mzee wa familia. Nilikumbuka aliniambia, "Hapo acha wazi, tutampata." Nilimtoza shilingi 200.

Sisemi kuwa hadithi yangu ndiyo iliyomfukuza Bibi. Mkataba ulikuwapo, tamaa ilikuwapo, mtoto alikuwa amekufa na mama yake ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini vijana wale hawakuwa na jina la kumpa, na jina walilipata kwangu. Niliwaandalia mpaka mwisho wa hadithi: moto, na nyayo za fisi zinazothibitisha kuwa waliochoma walikuwa na haki. Hilo la nyayo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningeweza kuacha majivu yawe majivu.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza wateja wangu kwa namna nyingine. Anayechapa hati za ardhi hapa kwetu huona mambo ambayo mwandishi wa hadithi hukaa akiyatafuta. Mashamba mengi ya ndani ya Malindi hayana hati. Chanzo ni cha zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilifungua mlango wa kudai ardhi binafsi kwenye ukanda wa maili kumi wa pwani, na waliofaidika ni waliojua ofisi na karatasi. Wamijikenda wengi waliolima ardhi ile wakajikuta maskwota kwenye udongo wa babu zao. Mwaka 1914 Waingereza waliwapiga vita Wagiriama wakitaka kuwaondoa kaskazini ya mto Sabaki, wakailipua kwa baruti Kaya Fungo, makao yao matakatifu ya kale. Watu walirudi, wakalima tena, lakini karatasi haikurudi nao.

Sasa mtu asiye na karatasi anathibitishaje kuwa shamba ni lake? Anamwita mzee. Mzee anasema mkorosho ule niliupanda mwaka wa njaa fulani, mnazi ule aliupanda marehemu kaka yangu, mpaka unapita kwenye kichuguu kile hadi kaburi la mama. Hiyo ndiyo hati. Inatembea kwa miguu, ina mvi na haisikii vizuri sikio moja. Anayetaka kuuza bila kuulizwa maswali lazima kwanza hati hiyo iondoke, au inyamaze, au isiaminike tena. Na huwezi kumwambia chifu "huyu mzee anajua mpaka, nataka aondoke". Lakini ukisema "huyu mzee anaua watoto" hakuna atakayeuliza habari ya mpaka.

Kaunti ya Kilifi nzima inalijua jambo hili. Wazee wameuawa huku miaka na miaka, na wengine wanaishi kwenye kimbilio huko Ganze kwa sababu hawawezi kulala kwao. Nimewaona wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, si kwa urembo. Mmoja alikuja kibandani kuchapa hati ya kiapo, jasho likamtiririka, na rangi ikashuka shingoni ikaingia kwenye kola ya shati jeupe alilovaa kwa heshima ya ofisi. Nilimpa kitambaa. Alijifuta, akakikunja kitambaa upande mchafu ndani, akanirudishia akiniomba radhi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya 1925, na ndani yake kumtuhumu mwenzio uchawi nako ni kosa, lakini sijawahi kuchapa karatasi hata moja ya mtu aliyeshtakiwa kwa kusema tu.

Kwa mwaka mzima sikuandika kitu. Nilichofanya ni kuzirudia hadithi nilizokulia, moja moja, kama mtu anayekagua stakabadhi, nikitafuta nani ndani yake anaogopwa na ana nguvu gani.

Chukua Nyari, lile korongo la Marafa ambalo wageni hulipiga picha jua likizama. Tuliambiwa pale paliishi ukoo wa matajiri wenye ng'ombe wasiohesabika, wakioga maziwa huku majirani wanakufa njaa. Mungu akaghadhibika, ardhi ikawameza, na tabaka nyeupe na nyekundu unazoziona leo kwenye kuta zake ni maziwa yao na damu yao. Utotoni nililala nikiogopa ardhi kufunguka. Ukubwani niliona hofu yenyewe ni ya nini: ni hofu ya nchi yenye ukame, ambamo mtu mmoja akifunga maziwa yake, jirani anazika. Anayetishwa na hadithi hiyo ni tajiri.

Nunda vilevile. Edward Steere aliichapisha hadithi hiyo mwaka 1870 miongoni mwa ngano alizozikusanya Unguja, na bibi wa Shela aliisimulia bila kujua kuna kitabu. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanalalamika, sultani anasema paka wangu na kuku wangu. Paka anakula ndama, jibu ni lile lile. Anakula watu, na sultani bado anamtetea, mpaka siku paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo anapokubali kuwa huyo si paka tena. Bibi alipofika kwenye lile jibu la sultani alilisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na sisi watoto tulikasirika kabla hatujaogopa. Nimesoma hadithi nyingi za kutisha tangu hapo na sijaona mahali ambapo kitisho kimewekwa vizuri kama katika maneno yale. Meno ya Nunda ni ya mwisho. Kinachotisha ni mwenye mali anayesema hasara ni yake wakati wanaoliwa ni wengine.

Na mumiani. Neno hilo lilianza kama jina la dawa nyeusi, kisha likawa jina la watu wanaokamua damu ya wenzao. Enzi za mkoloni, Nairobi na Dar es Salaam, watu walisadiki kuwa wazimamoto hukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mama alitukataza kupanda gari lisilo na madirisha. Cheka ukitaka, lakini fikiria aliyekuwa akiogopa ni nani: kibarua aliyetozwa kodi ya kibanda, aliyepelekwa kazi asizozichagua, aliyeona nguvu za mwili wake zinaondoka kwenda kumneemesha mtu asiyemjua. Alipotafuta maneno ya kueleza hali hiyo, alisema wananinyonya damu, na akawataja wenye gari na sare.

Kuna nyingine ambayo wa Shela waliisimulia kwa sauti ya chini. Katika karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala la nafaka, mtama na ufuta ukisafirishwa kwa majahazi, na waliolima walikuwa watumwa; utumwa haukufutwa kisheria pwani hii mpaka 1907. Bibi alisema kwenye baadhi ya mashamba yale ya kale, usiku usio na mwezi, husikika majembe. Hakuna mtu, ila majembe yanalima. Nilipokuja kusoma kuwa watu wa Haiti walimwogopa zombi kwa sababu mtumwa alihofia kuwa hata kufa hakutamwachisha kazi, na nilipowasikia Watanzania wakisimulia misukule inayolimishwa usiku, nilijua yale majembe yetu ni ya ukoo huo. Wasioweza kuyataja mambo mchana waliyaacha yalime gizani.

Sitaki kuupamba urithi huu. Ngano zetu zinaye pia kizee mbaya, na zinaye mama wa kambo, na mgeni asiye na kwao. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mapinduzi ya Zanzibar, Pemba na Unguja zilikesha nje kwa hofu ya Popobawa, jini linalosemwa huwavamia watu usiku, na watu wakapigwa na umati kwa kudhaniwa kuwa ni yeye. Mwengine alikuwa mgonjwa wa akili tu. Hofu tunayowaogopa nayo walio juu ikikosa pa kwenda humwangukia aliye karibu na mnyonge. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya kwa mikono yangu. Watu wa Jilore walikuwa na mambo mengi ya kuogopa: mnunuzi asiyejulikana, mvua isiyokuja, zahanati isiyo na dawa ya homa. Mimi niliikusanya hofu yao yote nikamwekea mlangoni mwanamke mwenye kuku wanne.

Kisha likaja la Shakahola. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa katika msitu ulio humu humu Malindi, na hesabu ikapanda mpaka miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo, watu walioambiwa wafunge chakula mpaka wamwone Mungu. Jamaa zao walikuja kutoka mikoa ya mbali. Wengine walifika kibandani kwangu kuchapa barua za kutafuta ndugu, na nilichapa bila kutoza, kwa sababu mikono ilikataa kupokea. Mwanamume mmoja aliniletea picha ya dada yake na wanawe watatu, wamevaa sare za shule, akaniomba niikuze. Aliniambia, "Alitupigia simu akasema amepata watu wema." Watangazaji wawili waliniomba hadithi ya msitu. Nilikataa. Lakini maneno ya mtu yule yalinifundisha jambo ambalo utoto wangu wote wa ngano haukunifundisha: kwamba anayekupeleka msituni huja kwa upole, anakujua jina na anakuita ndugu. Hawe alizoea kusema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikuwa nikiuamini msemo ule.

Mwaka 2024 niliiandika upya hadithi ya Hawe Ivu. Shamba lile lile, mbuyu ule ule, usiku ule ule. Safari hii nilikaa ndani ya nyumba pamoja naye.

Sikujua ingekuwa ngumu hivyo. Kutoka nje, mwanamke mzee gizani anatisha bila jasho. Ukiwa ndani lazima ujue amelala upande gani, anaamkaje na magoti yake, taa iko wapi, mafuta yamebaki kiasi gani. Nilimpa maumivu ya bega yanayomzuia kulala ubavu wa kushoto. Nikampa macho mekundu na nikaeleza jiko. Nilikumbuka alichokiandika James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948: kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu au mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, ila anangojea jambo analolijua litatokea. Nimewahi kusimama mle magofuni saa kumi na mbili kasoro, wageni wameshaondoka, nikaielewa ile hisia mgongoni. Nikaigeuza. Mwanamke wangu ndiye aliyekuwa nyuma ya ukuta, akingojea jambo alilolijua litatokea. Alihesabu miguu inayokuja. Kwenye sauti za vijana alimtambua mmoja kwa kigugumizi chake, maana alizaliwa kwa taabu, kitovu kimemzunguka shingoni, na yeye ndiye aliyekizungusha kwa kidole kimoja. Mbwa nilimfanya abweke mpaka sauti imkauke, kisha anyamaze ghafla, kwa sababu hadithi ya kutisha inahitaji kimya mahali fulani. Fisi hayumo. Kuna karatasi tu, imekunjwa mfukoni mwa kijana mmoja, na mstari mtupu chini.

Mtangazaji aliisoma akanirudishia simu. "Ni nzuri, lakini jini yuko wapi? Wasikilizaji wa Alhamisi wanataka jini." Nilimwambia wako saba na wana tochi. Alifikiri siku mbili kisha akaisoma hewani, bila bundi, jambo ninalomshukuru. Zilikuja jumbe chache kuliko mara ya kwanza. Wengine walisema haikuwatisha. Mmoja aliandika mstari mmoja tu: mama yangu yuko peke yake Ganda, nakwenda kesho.

Lakini kabla ya redio ilibidi niende Muyeye. Bibi alikuwa bado kwa binti yake. Shambani alikuwa akienda mchana, mara mojamoja, na kurudi kabla ya magharibi. Mikorosho miwili ilikuwa imekatwa, na kesi ya mpaka ilikuwa kwa wazee wa kijiji ikisubiri mtu wa kuieleza, na wa kuieleza ni yeye. Nilikaa naye barazani akichambua mchicha. Nikamwambia.

"Bibi, uliniuliza Hawe Ivu ni nani. Nilimtunga mimi. Niliandika hadithi ikasomwa redioni, na wale vijana waliisikia."

Aliendelea kuchambua. Alichagua jani bovu akalitupa, akachagua jingine. Nilisubiri aniambie niondoke, na ningeondoka.

"Alifanya nini huyo mwanamke?" akauliza.

"Aliroga watoto. Mwisho akageuka fisi."

"Na wewe ulimwona akiroga?"

"Hapana, Bibi. Nilitunga."

"Hm." Akaisukuma sinia pembeni. "Na hiyo uliyoshika?"

"Nimeiandika tena. Nimekuja unisikilize kabla ya mtu mwingine. Ukikataa, nitaichana."

Nilimsomea kurasa kumi na moja. Kwenye bega alijishika bega. Kwenye kijana mwenye kigugumizi alisema neno moja la Kigiriama kwa sauti ya chini, jina, ambalo silitaji. Nilipofika kwenye karatasi yenye mstari mtupu aliangalia dole gumba lake, akalisugua kwenye leso kama mwenye wino. Nilimaliza. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, hakuna aliyesema kitu, na ndani sufuria ilianza kuungua.

"Ni hivyo," Bibi akasema. "Ila mbwa umemkosea."

"Vipi, Bibi?"

"Umesema alibweka. Mbwa wangu hakubweka usiku ule. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Nilisikia miguu, nikasema, ngoja, mbwa atabweka. Nikangoja. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Alikuwa katikati yao, mwanangu, anawatikisia mkia."